Foleni ya Damu

Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kuchoma wanawake sindano. Wao wenyewe walisema hivyo, "Dada, leo utatuchoma tena?", nami nilijibu ndiyo, nitawachoma, pandisha mkono wa nguo tumalize. Siku hizo sikuwa mtu wa maneno matamu. Asubuhi tulipanda hadi kambi ya Munigi, juu kidogo ya mji wa Goma, kwa gari la utafiti, mimi na muuguzi mwenzangu, sanduku la barafu likiwa katikati yetu. Tuliweka meza mbili chini ya hema, juu ya mawe meusi ambayo volkano iliyamwaga zamani, na hakuna meza iliyowahi kutulia pale. Ukiweka kijiwe chini ya mguu huu, inayumba upande ule. Nilitoa watu damu huku nimeibana meza kwa goti, na jioni goti liliniuma kuliko mgongo.

Kambi ile ilikuwa ya watu waliokimbia vita Masisi na Rutshuru. Walikaa katika vibanda vya fito vilivyofunikwa shitingi, zile turubai nyeupe za msaada, na humo humo walilala, humo humo walipika. Ungewaambia wapike nje? Mvua ya huku haingoji ugali uive. Kuni zilikuwa mbichi, zimetolewa msituni kwa hatari, na kwa kuwa kuni mbichi hazishiki, moto ulianzishwa kwa mifuko ya plastiki na ndara zilizokatika. Ukipita asubuhi kati ya vibanda ulisikia kikohozi kabla ya kusikia salamu. Macho ya wanawake yalikuwa mekundu kana kwamba kila siku wametoka matangani, na wengi kweli walikuwa wametoka matangani.

Wala sisemi sisi wa mjini tulivuta hewa safi. Mimi ninakaa Mabanga. Kuna makala, yaani makaa ya kupikia, kila uani, pikipiki mlangoni, jenereta ya jirani dirishani, vumbi la mawe meusi kila mahali, na mlima wenyewe siku ukijisikia vibaya unatutemea moshi sote bila ubaguzi. Lakini wa mjini angalau anafungua dirisha. Pale kambini dirisha halikuwapo.

Utafiti wenyewe niueleze kwa kifupi, maana niliueleza mara nyingi mpaka nikauchukia. Kuna protini ambazo mwili unazitengeneza ndani ya mapafu na zinapaswa kukaa humo humo. Moshi ukila utando wa mapafu kwa muda mrefu, utando unatoboka, na protini zile zinavuja kuingia kwenye damu. Basi ukichukua damu kidogo mkononi na kuipima, unaweza kujua mapafu yanavuja kiasi gani, hata kabla mtu hajalala kitandani. Wanawake niliwaambia hivi: sufuria likitoboka, huna haja ya kuligeuza ulitafute tundu. Angalia majivu, utaona mchuzi. Hapo walielewa, na wengine walinicheka kwa sababu walijua kwamba mimi mwenyewe napikiwa.

Mkuu wetu alikuwa daktari wa mapafu, mtu wa huku huku aliyesoma mbali akarudi. Alisema polepole, na alirudia jambo moja mpaka tukalikariri: namba ikiwa kubwa, tuna sababu ya kuogopa, lakini namba ikiwa ndogo haimaanishi mtu ni mzima, maana yake ni kwamba kitu hiki kimoja hatukukiona. Wale wenye namba kubwa wangepelekwa hospitali kupigwa picha ya kifua na kutibiwa, na wangepewa jiko la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Majiko yalikuwa machache. Namba ndizo zingesema nani apewe.

Na mama yangu alikuwa ndani ya kambi ile.

Alikuwa amefika kwa miguu kutoka milima ya Masisi pamoja na watu wa kijiji chake, na nilipokwenda kumchukua alinikatalia. Nilikuwa na chumba chenye kitanda cha pili. Nilikuwa nimenunua hata godoro. "Niache hapa, mama," aliniambia, kwa sababu kwetu mzazi humwita binti yake mama akimbembeleza. "Kule kwako nitaongea na nani? Kutwa nzima wewe uko ku kazi. Huku iko batu ba kwetu. Na siku banagawa unga, batanikuta wapi?" Nilimwambia unga nitampa mimi. Akasema unga wangu ni wangu, ule ni wake. Tuligombana, nikarudi Mabanga nimebeba mto niliokuwa nimempelekea, na yeye akabaki kwenye moshi.

Alikuwa anakohoa tangu siku ile ya kwanza. Kilikuwa kikohozi kirefu kilichomkunja, na akimaliza alikaa kimya akitafuta pumzi, mkono kifuani. Mimi ndiye niliyeomba jina lake liwekwe kwenye utafiti. Kanuni ilikataza mtu kumtoa damu ndugu yake, ili namba zisije zikaonewa huruma, kwa hiyo siku ya sehemu yake ya kambi mimi nilibaki mjini, mtaa wa Katindo, kwenye chumba tulichokigeuza labo, maabara yetu, nikizungusha vichupa kwenye mashine inayotenganisha maji ya damu na uzito wake. Mwenzangu ndiye aliyepanda na msaidizi mwingine. "Muganga hajigangi," alinitania akipakia sanduku, "na mama ya muganga vilevile." Alikuwa hajawahi kumwona mama yangu. Alichokuwa nacho ni orodha ya namba za jetoni.

Jetoni ni kile kikadi ambacho kila familia ya kambini ilipewa ilipoandikishwa. Kina namba na jina, hakina picha. Bila jetoni hupati unga wala sabuni, na wala huhesabiwi. Wanawake walikiviringisha kwenye nailoni na kukifunga kwenye pindo la kitenge, na nimemwona mmoja akikimbia mvua ya risasi ameacha sufuria jikoni lakini jetoni ameishika mkononi. Sisi pia tuliitumia. Tulipita na kipaza sauti tukasema: kesho, wale wote tulioandika majina, mje na jetoni zenu.

Majibu yalichukua wiki kadhaa, maana umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Karatasi ilipotoka nilitafuta namba ya mama kabla ya nyingine yoyote. Ilikuwa ndogo, ndogo kabisa, chini ya karibu wote. Nilimwonyesha mwenzangu, naye akapiga mluzi akasema mama huyu amehifadhi mapafu yake kwenye sanduku. Nililia kidogo chooni, kwa furaha na kwa uchovu, maana nilikuwa nimeshamzika mama yangu moyoni mara nyingi.

Siku ya pili niliomba ruhusa nimpelekee jibu mwenyewe. Nilimkuta ameketi juu ya bidoni, dumu la maji, mbele ya kibanda chake, akichambua maharagi, na aliponiona alianza kukohoa. Kulikuwa na majirani. Dereva wetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilingoja amalize, na kungoja kule kuliniudhi. Nataka niseme ukweli hapa: kuliniudhi, kwa sababu nilikuwa nimekuja na habari njema na kikohozi kile kilikuwa kinanibishia.

"Mama, damu yako imerudi," nilisema. "Mapafu yako iko muzuri kabisa, kama ya musichana. Sasa uache kukohoa-kohoa hivi, unaogopesha batu bure. Ni mazoea tu."

"Mazoea?"

"Mazoea, mama. Damu haisemake uongo."

Mkono wake ulikuwa bado kifuani. Kisha akatabasamu. "Basi Mungu asifiwe," akasema. "Wewe njo umesoma," yaani ndiwe uliyesoma.

Ile kauli ya daktari kuhusu namba ndogo nilikuwa naijua kwa moyo. Niliwaambia wanawake wengine wote niliowapelekea majibu siku ile. Mama yangu sikumwambia.

Basi majiko ya bomba yalikwenda kwa wengine, na nafasi za hospitali vilevile. Mama alibaki na mafiga yake matatu na ndara za kuwashia. Msimu wa mvua ukaingia, mvua ya kila siku, na kambi nzima ikafunga milango na kupika ndani. Nilikuwa nampitia kazi ikiisha, dakika chache, gari likinipigia honi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na watu wengi wa kuwahurumia, ambao namba zao zilikuwa kubwa. Yeye nilimtoa kwenye orodha ya mambo ya kuniumiza kichwa.

Nilikuja kujua ukweli kwa sababu ya maji. Paa la labo lilivuja juu ya rejista yetu, na daktari akanipa kazi ya kunakili kurasa zilizolowa kwenye daftari jipya. Ni kazi ya kuchosha: namba ya jetoni, tarehe, mkono uliotolewa damu, mara ngapi sindano iliingia. Nilinakili kutwa nzima bila kufikiri. Nilipofika kwenye namba ya mama nilikuwa nimeshaandika nusu ya mstari ndipo kalamu ikasimama. Iliandikwa: mkono wa kushoto, mara moja.

Mkono wa kushoto wa mama yangu haunyooki. Ulivunjika kwenye kiwiko katika vita vya kwanza ninavyovijua, alipoanguka mtelemkoni akikimbia na mimi mgongoni, na ukajiunga wenyewe bila kuona hospitali. Umekunjika daima kama mtu aliyebeba kitu kwapani. Hakuna muuguzi anayeweza kupata mshipa pale, na hata ule wa kulia mishipa yake imezama, inatoroka sindano. Mara moja! Mimi mwenyewe, niliyesifiwa kwa mkono mwepesi, nisingempata kwa mara moja.

Nilimwuliza mwenzangu kama anamkumbuka mwanamke mwenye kiwiko kilichopinda. Akafikiri, akasema hapana, kiwiko kama hicho angekikumbuka. Nilipanda pikipiki hadi Munigi bila kuvua koti la labo.

Mama alikuwa ndani, kwenye moshi, na jirani yake alikuwa amekaa naye. Jirani huyu alikuwa mwanamke kijana kutoka Rutshuru, mwenye watoto wawili, ambaye alifika kambini baada ya mama. Kila siku alishuka Katindo kufulia watu nguo, na mama alimlindia watoto. Lugha zao za nyumbani hazikusikilizana hata kidogo, lakini mafiga yao yalikuwa yamegusana.

"Mama," nilisema, "siku ile ya damu, ni nani alitoa?"

"Damu gani?"

"Ile ya jetoni yako."

Mama hakuona hata haja ya kuficha. "Nilikuwa sina pumzi," alisema. "Foleni ilifika mpaka ku tanki ya maji. Nilimupatia huyu jetoni, akanisimamia."

Nilimgeukia jirani. Alikuwa amekunjua mikono yake mapajani, na nikaona mishipa ya mkono wa kushoto, minene, mizuri, mishipa ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeipata gizani.

"Wewe ulitoa damu yako ukasema ni ya mama yangu?"

"Sikusema kitu, dada. Nilionyesha jetoni." Hakuwa na hofu, alikuwa anashangaa tu. "Kwa foleni ya unga, mimi njo namusimamia. Ya sabuni, namusimamia. Unga nikiileta ni unga yake, hata kama ni mimi nimeibeba. Sasa hii ya damu iko na shida gani?"

"Damu siyo unga!" Nilipiga kelele mpaka watoto wakanyamaza nje.

"Mulisema jetoni," akajibu. "Mulipita na ile mashine ya kelele, mukasema kila mutu alete jetoni. Hamukusema kila mutu ajilete."

Mama alicheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi nilikaa chini juu ya jiwe. Ndipo nikamwuliza alidhani nini nilipomletea jibu. Akasema alidhani jibu ni lake. Jetoni ilikuwa yake, jina lililoandikwa lilikuwa lake, na mimi mtoto wake aliyesoma nilikuja na karatasi nikasema mapafu yako. Angelikataa vipi? Jetoni yake haijawahi kuleta kitu cha mtu mwingine.

Na kama yeye alifanya hivyo, wengine je? Jirani alitoka nje akaita. Wanawake wakaja, wakajazana mlangoni, na nilipouliza ni nani siku ya damu alisimamiwa, mikono ikainuka mmoja mmoja kama darasani. Walikuwa ndio wenyewe. Walikuwa wale niliokuwa nawasikia asubuhi wakikohoa kabla ya salamu, waliokuwa wanakaa njiani kupumzika mara mbili kati ya kibanda na bomba la maji. Waliotoka kusimama foleni yetu walikuwa dada zao, mabinti wao, majirani wao wenye pumzi ya kusimama. Kila siku mbele ya meza yetu nilikuwa nawaambia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kumbe hawakuficha chochote. Sisi ndio tulioweka mlango ambao mgonjwa hawezi kuuingia, kisha tukaandika kwamba ndani hamna wagonjwa.

Kumwambia daktari ilikuwa kazi ngumu. Nilijua angeweza kuifuta kambi yote kwenye utafiti, na mama yangu pamoja nayo, na mimi ningeitwa mpumbavu aliyeshindwa kutambua damu ya mama yake mwenyewe. Kwa siku mbili nilizunguka na jambo lile. Niliwaza hata kumchukua mama damu kimya kimya na kubadilisha namba yake tu, wengine wajijue. Nilikuwa na kichupa mfukoni. Sijui ni wema au woga ulionizuia, lakini siku ya tatu nilimwambia yote, hata habari ya kichupa.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Foleni tuliipanga siye," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunatafuta batu benye habana pumzi, na tukabaambia basimame masaa matatu ku jua. Sasa tutabafuata kwenye banalala." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Tukaanza upya, kibanda kwa kibanda, tukitambaa chini ya shitingi na sanduku la barafu. Moshi ulituingia sisi pia, na mwenzangu aliyependa kuimba akaacha kuimba. Tulipofika kwa mama, mwenzangu alijaribu mkono wa kulia mara mbili, akashindwa, akaniangalia. Kanuni ni kanuni, lakini sindano ya tatu alinipa mimi. Nilifunga mpira juu ya kiwiko, nikapapasa muda mrefu. Nilikuwa sijaushika mkono wa mama yangu kwa muda mrefu kiasi kile tangu utotoni. Ngozi ilikuwa kavu, yenye madoa ya cheche. Mshipa nilioupata ulikuwa mwembamba, na damu ilikuja polepole, tone kwa tone.

"Hii mara ni yangu kweli," mama alisema, akiangalia pembeni.

Namba yake ilipotoka, ilikuwa miongoni mwa zile za juu kabisa. Daktari aliniita kando kunieleza kile nilichokuwa nakieleza kwa wengine. Nilimwuliza swali ambalo ndugu wa wagonjwa wote huuliza: tungejua mwanzoni, ingekuwaje? "Sijui," alisema. "Moshi yake haikuanza hii mwaka. Amepika maisha yake yote. Lakini hii musimu ya mvua nayo imo ndani." Kisha akaongeza kwamba kilichotoboka kwenye mapafu hakishonwi, tunaweza tu kukizuia kisizidi.

Safari hii mama hakubishana. Alikuja Mabanga na kifurushi kimoja, akalala kwenye lile godoro. Nilimwandikia siku ya picha ya kifua, na kabla ya siku hiyo kufika vita vilishuka hadi mjini. Sitasimulia mambo hayo, kila mtu wa Goma ana ya kwake. Hospitali zilijaa majeruhi mpaka kwenye korido, na nani angemsukuma mtu wa risasi ili mama mzee apigwe picha kwa sababu ya moshi wa jikoni? Umeme ulikatika siku nyingi. Vichupa vyetu vyote viliyeyuka kwenye friji, kazi ya karibu mwaka mzima, na mimi ndiye niliyevimwaga. Picha ya mama ilipigwa miezi baadaye. Daktari alitupa dawa ya kuvuta kwa mdomo na kutuambia asikaribie moto tena.

Alikaa mlangoni kwangu, mwanamke aliyelima mlima mzima, akiomba nimpe vitunguu amenye. Hata kutoka mlangoni hadi bombani palikuwa mbali kwake. Lakini nilijipa moyo, kwa sababu nilipokuwa nyumbani alikohoa kidogo tu. Nikasema dawa imeanza kufanya kazi.

Kisha kambi zikavunjwa. Watu waliambiwa warudi walikotoka, wakang'oa fito na kukunja shitingi, na kwa siku kadhaa barabara ya kaskazini ilikuwa imejaa vichwa vilivyobeba magodoro. Jirani wa mama alipita Mabanga kuaga, watoto wake wawili nyuma, shitingi yake imefungwa kamba mgongoni. Mama alifurahi mpaka akasimama bila kuegemea. Niliweka chai mezani. Walizungumza habari za nani amekwenda na nani amebaki, na mama alikuwa na kitambaa mdomoni kila mara, macho yamemtoka machozi, nami nikadhani ni machozi ya kuagana.

Jirani alimtazama, akanitazama mimi, akaweka kikombe chini.

"Dada, nikuambie kitu, usikasirike," alisema. "Huyu mama anafungia kikohozi ndani. Tangu ile siku ulimwambia mapafu yake iko muzuri, kila mara gari yenu ilikuwa inaonekana, alikuwa anakwenda nyuma ya vyoo anakohoa kule mpaka inaisha. Hata mvua inanyesha. Halafu anarudi anakaa, anakungoja. Nilimuuliza juu ya nini. Alisema, mutoto yangu amesoma, amesema mbele ya batu kama niko muzima. Nikikohoa, nitamufanya muongo."

Mama alisema jambo kwa Kihunde, lugha ya kwao, haraka, la kumnyamazisha. Jirani hakukijua Kihunde, akaendelea.

"Nilifikiri huku kwako ameacha."

Nilimwuliza mama kama ni kweli. Alisema kwamba alijua ile damu ya kwanza imenisumbua, kwamba usiku alinisikia nikilia, na hakutaka kikohozi chake kiwe kinanikumbusha kila mara. Alikuwa anakohoa nikienda kazini. Alikuwa amejipangia hivyo.

Maneno yangu yote mazuri nilikuwa nimeyatumia kwa wanawake wengine. Nilisogeza kiti changu karibu na chake, nikakitoa kile kitambaa mdomoni mwake taratibu.

"Kohoa, mama," nilimwambia.

Aliniangalia, amebana midomo.

"Kohoa. Hakuna mutu utamufanya muongo."

Akakohoa. Alishika meza kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto uliokunjika ukawa unatikisika kifuani, na mimi na jirani tukakaa pale pale tukimngoja. Ilichukua muda mrefu.